Kidari cha njiwa na shavu la ng'ombe: mwanga unaona nini ndani ya msuli?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, skuli ya sekondari, Wete. Nimesoma kuwa watafiti hutumia mwanga kutambua nyuzi za misuli za aina ya kwanza na za aina ya pili bila kuzitia rangi. Maabara yetu ina spektrofotometa (mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa) inayosoma kuanzia nanomita 340 hadi 1000, mizani, blenda na sentrifyuji ndogo. Naweza kuwafanyia wanafunzi jaribio la namna hiyo kwa nyama ya sokoni? Pia kuna kijana wetu wa mbio anayefanya mazoezi Gombani. Anauliza kama ipo taa ya kuweka pajani itakayomwambia yeye ni wa mita 100 au wa masafa marefu.

Jibu: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Jaribio linawezekana na vifaa ulivyovitaja vinatosha. Lakini kabla hujawasha mashine, amua khasa unataka kuwaonyesha nini, kwa sababu spektrofotometa yako haitasoma aina ya uzi. Itasoma rangi ambayo mara nyingi hufuatana na aina ya uzi, na mara nyingine haifuatani nayo kabisa. Chagua nyama zako vizuri na wanafunzi wataona mambo yote mawili siku moja, mezani, kwa macho yao.

Uzi wa msuli hupewa aina kwa mota yake, yaani protini ya mayosini. Mayosini ya aina ya kwanza huvunja ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, taratibu, kwa hiyo uzi hujikunja polepole na huchelewa kuchoka. Za aina ya pili huvunja ATP haraka. Kwa binadamu mtu mzima zipo IIA na IIX. Panya wana na IIB. Mayosini hizi zinafanana mno kwa umbo, na hazina rangi inayoonekana. Ukiziweka safi kwenye maji mbele ya mwanga wa kawaida hutaweza kutenganisha moja na nyingine.

Kinachoonekana ni mayoglobini, protini yenye himu, yaani kile kipande chenye chuma ambacho pia kipo kwenye damu. Kazi yake ni kushika oksijeni ndani ya uzi. Nyuzi zinazoishi kwa oksijeni huwa nayo nyingi, pamoja na mitokondria (vinu vya nishati vya seli) nyingi na mafuta zaidi. Nyuzi zinazoishi kwa kuchoma glaikojeni, yaani sukari iliyowekwa akiba msulini, huwa nayo kidogo. Tofauti ya misuli myekundu na myeupe ya sungura ilielezwa na Mfaransa Louis Ranvier tangu miaka ya 1870. Na John Kendrew, alipotaka protini ya kuchunguza umbo lake kwa eksirei, alitumia mayoglobini ya nyangumi, mnyama anayezama muda mrefu na kwa hiyo misuli yake imejaa rangi hiyo. Umbo lilijulikana mwaka 1958, na tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 1962.

Kwa hiyo mwanga unasoma namna uzi unavyopata nishati. Mota yenyewe unaikisia kwa kupitia hapo.

Nyama za kuchagua

Chukua tatu. Ya kwanza ni shavu la ng'ombe, ule msuli mnene wa kutafunia unaokaa juu ya taya. Ng'ombe hutafuna na kucheua saa nyingi kila siku, na msuli huu kwa ng'ombe mzima karibu wote ni nyuzi za aina ya kwanza. Maabara za nyama huutumia kama kielelezo cha mayosini ya taratibu. Muuza vichwa atakukatia. Huhitaji zaidi ya gramu 100.

Ya pili ni kidari cha kuku. Hicho karibu chote ni nyuzi za haraka zinazotegemea glaikojeni, ndiyo maana ni cheupe. Kuku hupiga mabawa kwa sekunde chache tu, anaruka ukuta, basi.

Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote: kidari cha njiwa wa kufuga. Kata kidari cha njiwa ukiweke sahani moja na cha kuku. Msuli ni ule ule, mahali pale pale, kazi ile ile ya kushusha bawa, lakini cha njiwa ni chekundu cha kuiva, karibu na rangi ya ini. Mwanafunzi yeyote atakwambia kuwa hiki ni cha taratibu. Sicho. Nyuzi zake ni za haraka, ila sehemu kubwa ni zile za haraka zinazotumia oksijeni, kwa sababu njiwa anapiga mabawa mara kadhaa kwa sekunde na anaweza kuendelea safari ndefu. Spektrofotometa itamweka njiwa upande wa shavu la ng'ombe. Mayosini ingemweka upande wa kuku.

Ukipenda kuongeza samaki, jodari anafaa kwa kutazama kwa macho: kata pande la mviringo na utaona ukanda mweusi-mwekundu umejificha ndani karibu na uti wa mgongo, wakati kwa vibua ukanda huo hukaa nje, chini ya ngozi, ubavuni. Huo ndio msuli wa kuogelea taratibu, na nyama nyingine yote ni ya mbio za ghafla. Kwa kupima, hata hivyo, samaki anasumbua. Hakutolewa damu vizuri, na mayoglobini yake hugeuka kahawia haraka akikaa nje ya barafu. Mwache awe wa kuonyesha.

Kuandaa

Bafa, yaani maji yanayotuliza pH, ni ya fosfeti, milimola 40 kwa lita, pH 6.8. Kwa lita moja ya maji yaliyotoneshwa weka gramu 2.72 za KH₂PO₄ na gramu 3.48 za K₂HPO₄, zote zile zisizo na maji ya fuwele. Pima pH na urekebishe kwa matone ya asidi au ya besi. Kawaida inahitaji kusogezwa kidogo tu. Iweke kwenye barafu tangu usiku.

Toa mafuta, kano na utando mweupe wote. Usione uvivu hapa: shavu la ng'ombe lina mishipa mingi ya kano, na kila gramu ya kano inahesabika kama nyama isiyo na rangi. Katakata vipande vidogo, pima gramu 20, tia kwenye blenda na mililita 100 za bafa baridi. Saga sekunde 10, pumzisha sekunde 20, mara nne. Ukisaga mfululizo mashine inapasha moto mchanganyiko na inatia povu, na protini inayoganda kwenye povu hairudi tena. Kwa njiwa mmoja pengine hutapata gramu 20 safi. Punguza vyote kwa uwiano, gramu 10 kwa mililita 50, au tumia njiwa wawili.

Funika, weka kwenye barafu gizani saa moja, ukikoroga kila dakika 10. Kisha chuja kwa kitambaa, zungusha kwenye sentrifyuji dakika 20 kwa kasi yake ya juu, na mwisho pitisha kwenye karatasi ya kuchujia. Maabara kubwa huzungusha kwa nguvu ya mara 12,000 ya uvutano kwa dakika 30 kwenye baridi. Sentrifyuji ndogo haifiki huko, na ukungu kidogo utabaki. Tutauondoa kwenye hesabu.

Kusoma

Washa mashine dakika 20 kabla. Umeme ukikatika na kurudi, au ukiyumba, anza upya: subiri taa itulie, weka sufuri tena kwa bafa tupu. Usiendelee na sufuri ya kabla ya umeme kukatika hata kama tarakimu zinaonekana nzuri.

Hakikisha kwanza mashine inasoma urefu wa wimbi ilioandika. Njia rahisi: tone moja la damu mbichi ya mbuzi au ng'ombe kwenye maji yaliyotoneshwa, ongeza maji mpaka rangi iwe ya waridi hafifu. Seli zinapasuka, himoglobini inatoka, na damu iliyoshiba oksijeni hutoa vilele viwili, karibu na nanomita 541 na 577. Mashine yako ikivionyesha 545 na 581, imesogea nanomita nne, na utajua uondoe nne kila mahali. Usitumie damu ya kuku kwa kazi hii. Seli zake nyekundu zina viini, na viini vikipasuka vinatoa ute unaotia ukungu.

Sasa nyama. Soma kila sampuli kuanzia 480 hadi 700 kwa hatua ya nanomita 2 na wanafunzi wachore kwa mkono kwenye karatasi ya mraba. Mayoglobini yenye oksijeni ina vilele viwili, karibu na 543 na 581. Iliyonyang'anywa oksijeni ina kimoja kipana, karibu na 557. Iliyooksidika chuma chake, yaani ile ya kahawia, ina kilele karibu na 503 na kilima kidogo karibu na 630. Dondoo lako, yaani yale maji ya nyama uliyoyachuja, litakuwa mchanganyiko wa zote tatu, na uwiano utabadilika kila dakika. Hiyo ndiyo sababu ya kupima wingi kwenye 525: hapo aina zote tatu hufyonza takriban sawasawa, kwa hiyo kugeuka kahawia hakubadilishi jibu.

Hesabu inakwenda hivi. Kwenye 525 mayoglobini hufyonza 7.6 kwa kila milimola kwa lita, kwa sentimita moja ya kyuveti (kijichupa cha kupimia). Uzito wa molekuli ukichukuliwa kuwa takriban 17,500, ufyonzaji wa 1 ni sawa na miligramu 2.303 kwa mililita. Toa usomaji wa 700 kwanza, kwa sababu hapo mayoglobini karibu haifyonzi kitu na unachokiona ni ukungu unaotawanya mwanga. Halafu zidisha kwa mzimuo, yaani mara ngapi rangi imepunguzwa na maji. Nyama karibu robo tatu ni maji, kwa hiyo gramu 20 huongeza mililita 15, na mzimuo ni 115 gawanya kwa 20, sawa na 5.75.

Mfano: 525 inasoma 0.49 na 700 inasoma 0.04. Tofauti ni 0.45, mara 2.303, mara 5.75, unapata karibu miligramu 6 kwa gramu ya nyama. Kwa ng'ombe mzima hiyo ni tarakimu ya kuaminika.

Kwa kidari cha kuku njia hii inakwama, na wengi huishia kuandika "sufuri" na kuendelea. Kikiwa na miligramu 0.1 kwa gramu, usomaji kwenye 525 haufiki hata 0.01, yaani uko ndani ya mtetemo wa mashine yenyewe. Hamia kwenye kilele kikubwa cha himu upande wa zambarau. Tia chembe ya sodiamu dithionaiti, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno kwa mililita 3, geuza kyuveti taratibu mara mbili, soma kwenye 434. Dithionaiti inanyang'anya oksijeni yote na kurudisha ile ya kahawia pia, kwa hiyo unabaki na umbo moja tu, na hapo ufyonzaji ni takriban 115 badala ya 7.6. Kuku yule yule wa 0.1 sasa anasoma karibu 0.11. Kipimo cha kuzidishia ni 0.152 badala ya 2.303. Zimua dondoo la shavu na la njiwa mara 20 na uyapime hivyo hivyo, ili yote matatu yalinganishwe kwa njia moja.

Dithionaiti inaharibika kwa unyevu, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Ikiwa imeganda mabonge na inanuka kiberiti, haitafanya kazi, na itaacha ukungu mweupe utakaosoma kama rangi. Fungua chupa, chota, funga. Usiiache kopo wazi karibu na maji, kwa sababu ikilowana inaweza kupata joto na kuwaka. Wala usisome chini ya 400 ukiwa umeitia, maana yenyewe inafyonza sana karibu na 315.

Kosa linalowaponza watu wa pwani kuliko mengine ni dogo mno. Unatoa dondoo kwenye barafu, unamimina kwenye kyuveti, unaweka kwenye mashine. Usomaji unapanda: 0.31, 0.36, 0.44. Mwanafunzi anadhani kuna mmenyuko unaendelea. Toa kyuveti uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Uso wa nje umefunikwa na jasho, kama gilasi ya juisi ya ukwaju yenye barafu. Mwanga unatawanywa na vitone vya maji nje ya kioo. Acha mirija iliyofungwa ikae mezani dakika 10 kabla ya kusoma, futa pande mbili za kupitisha mwanga kwa kitambaa laini, shika kyuveti kwa pande zenye mikwaruzo. Kyuveti ya bafa tupu nayo iwe na joto lile lile.

Halafu damu. Himoglobini ina himu ile ile, na vilele vyake viko nanomita mbili hadi nne tu kutoka vya mayoglobini. Mashine inayopitisha mkanda wa nanomita 5 au zaidi haitavitenganisha. Ng'ombe aliyechinjwa na kutoka damu vizuri hubakiwa na damu kidogo msulini, lakini kidari cha njiwa kina mishipa mingi sana na huko huwezi kuipuuza. Chukua mililita 10 za dondoo baridi, ongeza polepole gramu 4.4 za amoniamu salfeti ukikoroga, acha nusu saa kwenye barafu, zungusha. Himoglobini nyingi huganda na kushuka, mayoglobini nyingi hubaki juu. Linganisha usomaji wa kabla na wa baada. Usafi wake si kamili, lakini wanafunzi watajua ni sehemu gani ya "wekundu" ilikuwa damu tu.

Fanya sampuli tatu za kila nyama, kutoka wanyama watatu. Vipande vitatu vya kuku mmoja ni kuku mmoja. Na nyama yoyote iliyoguswa na kemikali isirudi jikoni.

Zile mashine ulizosoma habari zake

Watafiti wanaosema wametambua aina za nyuzi kwa mwanga kwa kawaida hutumia moja ya njia mbili. Ya kwanza ni infraredi ya hadubini: mionzi inapita kwenye kipande chembamba cha msuli na kila aina ya kifungo cha kikemikali inafyonza mahali pake. Protini huonekana karibu na namba za mawimbi 1650 na 1550 kwa sentimita, mafuta karibu na 1740 na 2850, glaikojeni kati ya 1000 na 1150. Ya pili ni ya Raman, iliyoitwa kwa jina la Mhindi C. V. Raman aliyeigundua mwaka 1928: unapiga leza ya rangi moja na kukusanya ule mwanga mchache sana unaorudi ukiwa umebadilika rangi kidogo. Leza ya nanomita 532 inaamsha himu kwa nguvu, na alama za saitokromu (protini zenye himu) za mitokondria hujitokeza karibu na namba 750, 1128 na 1585 kwa sentimita. Leza ya 785 huepusha mng'ao wa tishu unaofunika kila kitu, lakini himu haiamki namna ile.

Njia hizi zina faida moja kubwa juu ya blenda yako: zinasoma uzi mmoja mmoja. Blenda inachanganya mamilioni. Lakini swali linabaki lile lile. Hata huko, sehemu kubwa ya tofauti inayotenganisha nyuzi ni mafuta, glaikojeni na himu, yaani tena ni habari za nishati. Uzi wa IIA uliozoeshwa kazi unaweza kufanana sana na wa aina ya kwanza.

Ndiyo maana jibu la mwanga halikubaliwi mpaka lipimwe kwa kielelezo. Kipande cha msuli cha milimita 5 hugandishwa kwenye aisopenteni iliyopozwa kwa nitrojeni kimiminika. Hakitumbukizwi kwenye nitrojeni yenyewe, kwa sababu nitrojeni inachemka ikikigusa, inakizunguka kwa gesi, baridi inachelewa kuingia, na fuwele za barafu zinatoboa nyuzi kama sifongo. Kisha hukatwa vipande vya mikromita 10 vinavyofuatana. Kimoja huenda kwenye mwanga bila rangi. Cha jirani yake huenda kwenye kipimo cha ATPase, yaani cha namna mayosini inavyovunja ATP, ambacho Brooke na Kaiser walikipanga mwaka 1970: kikitangulizwa kwenye pH karibu na 10.3, nyuzi za haraka hutoka nyeusi na za taratibu nyeupe; kwenye 4.3 mambo yanageuka. Siku hizi hutumiwa pia kingamwili za kila mayosini. Uzi ule ule hutafutwa kwenye vipande vyote viwili, na hapo tu ndipo unajua kama mwanga umesema kweli.

Mambo yanayoharibu kazi hii ni mengi, lakini matatu yanawagusa khasa watu wa visiwani na wa nchi za joto. Unyevu kwanza. Mvuke wa maji hewani una mistari yake kati ya namba 1400 na 1800 kwa sentimita, juu kabisa ya alama za protini, na mashine isiyopulizwa hewa kavu itakuletea manyoya manyoya pale unapopahitaji zaidi. Madirisha ya potasiamu bromaidi nayo hunyonya unyevu na kupofuka. Heri kalisiamu floraidi au bariamu floraidi. Kioo cha kawaida cha hadubini hakifai kabisa kwa infraredi, kinazuia karibu eneo lote la protini na glaikojeni.

La pili ni muda tangu kuchinjwa. Kuku aliyekimbizwa uani dakika tano kabla ya kisu ameshatumia glaikojeni yake. Nyama ikikaa kwenye joto la nyuzi 30, iliyobaki inageuka asidi ya laktiki, pH inashuka kutoka karibu 7.2 kwenda karibu 5.6. Alama ya glaikojeni ikipotea, uzi wa haraka unapoteza kitambulisho chake, na programu itauweka kundi lisilo lake bila kusita.

La tatu ni mwelekeo. Uzi wa msuli umepangika kama boriti zilizolala upande mmoja, na mwanga wa leza nao una mwelekeo. Geuza sampuli kwa pembe ya digrii 90 na uwiano wa vilele vya protini unabadilika ingawa msuli ni ule ule. Mtu asiyeangalia hili anaweza kuchapisha tofauti ya pembe akidhani ni tofauti ya aina.

Na ukisoma kwamba programu fulani imetambua nyuzi kwa usahihi wa juu sana, tafuta jambo moja kwenye makala hiyo: je, ilijaribiwa kwa mnyama ambaye haikumwona wakati wa kufundishwa? Nyuzi 300 za mnyama mmoja zinafanana kwa sababu ni za mnyama mmoja, alikula chakula kimoja na aligandishwa siku moja. Programu inaweza kumtambua mnyama na kudai imetambua uzi.

Kijana wa Gombani

Taa ya pajani ipo. Inatumia infraredi ya karibu, kati ya nanomita 700 na 900, inapenya ngozi na kusoma himu iliyoshika oksijeni na isiyoshika. Taa na kihisi vikiachana sentimita 3, inasoma kina cha sentimita moja na nusu hivi. Haitenganishi mayoglobini na damu, wala haimwoni uzi mmoja mmoja. Mafuta ya chini ya ngozi huila njia hiyo: milimita 10 za mafuta zikiwa juu ya paja, sehemu kubwa ya mwanga haijafika msulini. Ngozi nyeusi nayo hufyonza mwanga zaidi, kwa hiyo kifaa kilichopimwa kwa watu weupe peke yao kisiaminiwe kabla ya kujaribiwa hapa. Kile kibano cha kidoleni cha hospitali ni kitu kingine kabisa; kinasoma damu ya mshipa inayopiga, hakina habari ya msuli.

Kinachoweza kupimwa kwa taa ya paja ni kasi ya msuli kurudi hali yake. Mtu anafanya zoezi fupi, kisha mkanda wa presha unafungwa juu ya paja kwa sekunde chache, unaachiwa, unafungwa tena, mara nyingi, na kila ukifungwa kifaa kinaona oksijeni inavyoliwa. Ulaji ukishuka haraka kurudi wa mapumziko, mitokondria zake ni hodari. Hilo linabadilika kwa miezi ya mazoezi, wakati mayosini zake zinabaki karibu zile zile. Kwa hiyo kijana akipimwa kabla na baada ya msimu wa mbio ndefu ataona tofauti ya maana, ila haitamwambia amezaliwa wa nini.

Aina halisi ya nyuzi zake hupatikana kwa sindano ya kuchukua kipande cha msuli, ile iliyoenezwa na Bergström tangu mwaka 1962, kwa dawa ya ganzi, daktari na kibali cha maadili. Hata hivyo kipande kile ni cha sehemu moja ya paja, na ukichukua sentimita chache pembeni uwiano unabadilika. Kwa kijana mzima wa afya sioni sababu ya kumtoboa. Mpimeni kwa saa: mita 60, mita 400 na mita 3,000, siku tatu tofauti, asubuhi kabla jua halijapanda, na mrudie baada ya wiki nane za mazoezi ya aina moja.